Soka la pamoja: wachezaji wenza wasimeze mchezo

Mdogo wangu ana ulemavu wa akili na ametimiza miaka 34. Si amechelewa?

Hajachelewa. Mashindano ya Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, huanzia miaka 8 na hayana ukomo wa umri. Mlete.

Timu yetu ya soka la pamoja, yenye ulemavu wa akili na wasio nao, ni ya watano. Wasio na ulemavu wawe wangapi uwanjani?

Wawili, na hao ndio wachezaji wenza, pamoja na wanamichezo 3, yaani wachezaji wenye ulemavu wa akili. Soka la 7 ni wanamichezo 4 kwa wenza 3, la 11 ni 6 kwa 5. Timu nyingi huharibu wakati wa kubadilisha wachezaji: mwanamichezo amechoka, kocha anamwingiza mwenza aliye karibu. Akitoka mwanamichezo, aingie mwanamichezo.

Wenza wetu ndio wanaofunga mabao yote. Tuwakataze kufunga?

Msiwakataze. Mwenza asiyeruhusiwa kufunga anakuwa mpambe tu, na wanamichezo huliona hilo haraka kuliko tunavyodhani. Kosa lilianzia kwenye uteuzi: chagueni mwenza ambaye umri na uwezo wake vinakaribiana na vya wenzake. Yule nyota wa ligi ya mtaa mpeni kazi ya kocha msaidizi.

Kisha mazoezini pangeni koni, mita 20 kwa 15, mchezo wa dakika 5. Bao lihesabiwe tu ikiwa wanamichezo wawili wamegusa mpira kabla yake. Dakika 5 zinazofuata ondoeni sharti hilo, maana kwenye mechi halipo. Mwangalieni pia mwenza anayepiga kelele "nipe, nipe!" Mwanamichezo huacha kutazama goli na kumpa kila mara, hata akiwa mwenyewe mbele ya kipa. Huyo mwenza afunge mdomo, akimbilie nafasi.

Tunaeleza zoezi, dakika moja baadaye wamesahau.

Mnaeleza mengi mno. Elekezo moja, onyesheni kwa mguu, wafanye papo hapo. Maneno yawe yaleyale kila siku: "Zuia. Tazama. Toa." Kocha mmoja kwa wanamichezo 4.

Mwanangu ana sindromu ya Down. Apige mpira wa kichwa?

Mama, aonwe na daktari kwanza. Kwa baadhi ya waliozaliwa na hali hiyo, mifupa miwili ya juu ya shingo imelegea kwenye kiungo chake na inaweza kubana uti wa mgongo. Akilalamikia shingo, akibadilika mwendo, mikono au miguu ikilegea, au akianza kujikojolea, asicheze. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Hata kama eksirei ya shingo yake ilitoka safi, endelea kuziangalia dalili hizo.