Kura nyingi kuliko wapiga kura?

SWALI: Shemeji yangu wa London kanitumia matokeo ya udiwani wa kata yao. Washindi watatu, na kura ukizijumlisha zinawazidi watu waliopiga! Huo si wizi? (Msomaji, Shangani, Mtwara)

JIBU: Si wizi. Huku kwetu kata moja, diwani mmoja. Kwenye halmashauri za London kata huwa na diwani mmoja hadi watatu, na mpiga kura anaruhusiwa kuweka X nyingi kadiri ya viti. Tuseme karatasi halali ni 2,000 na viti 3: kura zinaweza kufika 6,000. Kwa kawaida hazifiki, maana wapo wanaoweka X moja tu wakaondoka. Kwa hiyo usihesabu kura, tafuta idadi ya karatasi; hiyo ndiyo inayoonyesha waliojitokeza.

Watatu wa juu wanaingia, hata wakiwa wa chama kimoja. Ukiweka X nne, karatasi nzima imeharibika. Wawili wakifungana kwenye kiti cha mwisho, msimamizi anapiga kura ya bahati palepale (ndiyo, bahati nasibu!). Viti maalumu vya wanawake hawana. Na shemeji, hata kwa pasi ya Tanzania, akiwa na kibali cha kuishi na amejiandikisha, anapiga: nchi yetu imo Jumuiya ya Madola.