Kwotabeki wa benchi aliyegeuka kocha bingwa

Mkuu, umeuliza kama yupo kwotabeki wa benchi (kwotabeki ndiye mrushaji mpira wa timu kwenye futiboli ya Kimarekani) aliyekuja kung'ara kwenye ukocha. Yupo: Doug Pederson. Miaka mingi alikaa benchi nyuma ya kwotabeki Brett Favre kwenye timu ya Green Bay, na 1999 timu ya Philadelphia Eagles walimwanzisha mechi 9 tu, kisha akampisha kwotabeki mwenzake Donovan McNabb. Ukocha aliuanzia shule ya sekondari huko Shreveport, Louisiana, 2005. Februari 2018 akawapa Eagles hao hao ubingwa wao wa kwanza wa Super Bowl, fainali ya ligi, 41-33 dhidi ya timu ya Patriots. Kwenye fainali hiyo, jaribio la nne na la mwisho la kusogeza mpira, mstari wa kufungia uko pale pale, makocha wengi wangepiga teke wachukue pointi 3. Yeye akakubali mpira arushiwe kwotabeki mwenyewe, Nick Foles, akaudaka bila mtu wa kumkaba. Hapo ndipo nilipompenda kabisa.