Mnaokuja fildi mwaloni: pakueni, halafu tazameni mwezi

Wadogo zangu, nawapenda, ila mnanichosha. Juzi tena mmoja wenu ameshuka Kayenze, mwalo wa wavuvi Ziwa Victoria, na dodoso alilopakua usiku, swali la kwanza: "Kaya yako ina ekari ngapi za mahindi?" Anamwuliza kijana aliyepanga chumba cha mabati kambini.

1. Vitendea kazi vya bure vipo, vitumieni. Tovuti ya Community Tool Box ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, inakupeleka hatua kwa hatua, kuanzia kutathmini mahitaji ya jamii hadi kuandika andiko la mradi. Idadi ya watu msibuni; matokeo ya Sensa ya 2022 yako kwenye tovuti ya NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

2. KoboCollect, programu ya simu ya kujazia dodoso, inajazwa bila mtandao. Fomu ishushwe ukiwa bado ofisini, si ukishapanda boti.

3. Muda. Uvuvi wa dagaa unakwenda na mwezi. Siku za giza, mwezi usipoonekana, mitumbwi inatoka na taa usiku kucha; mbalamwezi ikikomaa watu wanapumzika, nyavu zinashonwa, wengine wanarudi kwao kusalimia. Nyie mnafika saa tatu asubuhi, siku za giza zimeshika kasi. Mvuvi ndiyo kwanza amelala. Mama ameanika dagaa wake mchangani, anawageuza huku jicho moja liko kwenye wingu la ziwani, maana wakinyeshewa wanaishia kuuzwa kwa watengeneza chakula cha kuku, kwa bei ya kutupa. Wewe umesimama na kishikwambi: "Mama, kipato chako kwa mwezi?" Atakutajia tarakimu yoyote ilimradi umpishe. Ukirudi mbalamwezi atasema hana kitu, na hadanganyi.

Kuna mradi ulikusanya majibu ya giza peke yake, ukaanzisha kikundi cha hisa: kila Jumatano, kiwango kilekile. Mbalamwezi ya kwanza wengi hawakuleta, wakapigwa faini. Ya pili, watu wakawa wanazunguka nyuma ya kambi wasipishane na mweka hazina. Ripoti ikaandikwa "mwitikio mdogo wa jamii". Mwitikio gani, jamani! Kalenda ya mwezi nayo ni bure mtandaoni, na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi mwaloni, watakwambia hata bila bando.

4. Mtaulizwa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Mgawanyo ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mengine mpelekeni mtu kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, msibahatishe.

5. Kabla ya kubandika bango kitita, ombeni kwa mtendaji mpango wa O&OD, ule wa fursa na vikwazo vya maendeleo ambao wananchi wanaupanga wenyewe. Mara nyingi uko kabatini, umelaliwa na mafaili ya vitambulisho. Mkikuta wananchi walishaandika choo cha mwaloni kama kipaumbele, msiwachoreshe tena mti wa matatizo, ule mchoro wa tatizo, vyanzo vyake na matokeo yake. Watauchora, tena vizuri tu, kwa sababu wanajua mwisho wa kikao kuna soda.