Jibu: Nani hasa aliyeuangusha ufalme wa Nepal?

Ndugu, umeuliza kama ufalme wa Nepal uliangushwa na bunduki za waasi wa Kimao, yaani wakomunisti wanaofuata mawazo ya Mao Zedong wa China. Kwa maoni yangu, bunduki peke yake zisingetosha: waasi walioanza vita Februari 1996 katika wilaya za milimani kama Rolpa na Rukum walidhibiti sehemu kubwa ya vijiji, lakini mji mkuu, Kathmandu, hawakuuteka. Aliyejimaliza ni Mfalme Gyanendra mwenyewe, ambaye tarehe 1 Februari 2005 aliifukuza serikali, akatangaza hali ya hatari na kukata mawasiliano ya simu, na hivyo akavisukuma vyama vya siasa kupatana na waasi wale wale mwezi Novemba. Maandamano ya Aprili 2006 yalimlazimisha kulirejesha bunge lililokuwa limevunjwa. Ufalme ulifutwa rasmi tarehe 28 Mei 2008.