Picha za matumbawe kutoka buluu tupu

Ndugu, umeuliza kwa nini matumbawe unayofuga katika tangi lako la kioo la maji ya chumvi yana rangi nyingi kwa macho, ilhali kwenye picha za simu yote hutoka buluu. Taa za tangi la matumbawe hutoa mwanga wa buluu mwingi kuliko kamera inavyoweza kuusawazisha yenyewe. Kwa hiyo weka kichujio cha rangi ya chungwa mbele ya lenzi, futa kioo, zima taa za sebuleni, simamisha pampu inayosukuma maji tangini ili matumbawe yaache kuyumba, na uishike simu sambamba na kioo, kwani picha ya mshazari hupotoka. Usisahau kuiwasha pampu tena, kama nilivyowahi kusahau mimi.