Ditekta za moshi za 2011 zinalia ovyo: kusafisha au kubadilisha?

Mkuu, umesema jengo lenu la ghorofa sita lina ditekta za moshi tangu 2011, king'ora kinalia alfajiri bila moshi, na fundi anataka kuzipuliza kwa kompresa mambo yaishe. Usikubali. Ditekta ya umri huo inabadilishwa.

Zungusha kichwa kimoja (ditekta yenyewe) kinyume na saa, kitoe kwenye besi (kitako kilichofungwa darini), soma nyuma. Tarehe ya kutengenezwa ipo pale. Watengenezaji wengi wanatoa miaka 10, na inahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, si siku iliyofungwa.

Ndani yake kuna chemba nyeusi yenye taa ndogo na jicho lililokaa pembeni ili lisiione taa moja kwa moja. Moshi ukiingia unatawanya mwanga, jicho linauona, king'ora kinalia. Vumbi lililotanda ndani linafanya vilevile, unyevu kidogo ukiongezeka basi, kelele. Lakini zinazolia angalau zimejitaja. Ziogopeni zaidi zile ambazo wavu wake umeziba au taa yake imefifia: moshi utajaa korido nayo imenyamaza, huku paneli (sanduku kuu linalopokea taarifa za ditekta zote) inaonyesha kila kitu ni salama.

Upepo wa kompresa una maji na mafuta, na unasukuma uchafu ndani zaidi. Ditekta ambayo umri wake haujaisha, nyonya vumbi kwa mashine yenye brashi laini. Iliyopakwa rangi haisafishiki, itupeni.

Kabla ya kununua, angalia paneli. Kama ni ya anwani, kila ditekta ina namba yake: kuna zinazopangwa kwa swichi ndogo nyuma ya kichwa, nyingine kwa kadi iliyobaki kwenye besi, nyingine kwa kifaa maalumu. Andika namba zote kwanza. Mbili zikifanana paneli inaleta hitilafu. Kama ni ya zoni, yaani ditekta za eneo moja ziko kwenye waya mmoja na paneli inataja eneo tu, kung'oa kichwa mara nyingi kunakata waya, na zote zinazofuata baada yake zinakuwa hazisikiki. Maliza korido moja kabla ya kugusa nyingine, na usiache besi tupu usiku. Usichanganye kampuni hata kama kichwa kinaingia: taa yake inaweza kuwaka, paneli ikasoma shoti badala ya moto.

Ukikuta alama ya mionzi nyuma, hiyo ina americium-241. Usiifungue, usiichome, usiipeleke dampo. Wasiliana na aliyewauzia au Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Kupima: waarifu wapangaji na walinzi, zima kwa muda vitu vinavyoendeshwa na paneli kama lifti, kisha tumia kopo la moshi wa majaribio na fimbo yake. Dawa ya mbu, udi na karatasi iliyowashwa vinaacha utando ndani ya chemba mpya. Taa nyekundu iwake, na mtu aliyesimama kwenye paneli asome zoni sahihi.

Kwa paneli ya zoni, rudi kwenye ditekta ya mwisho ya kila waya uing'oe. Ndani ya dakika mbili hivi paneli ilalamike. Ikikaa kimya, mara nyingi kuna mtu alihamishia ile rezista ya mwisho wa waya (kipande kidogo ambacho paneli hukitumia kujua waya ni mzima) ndani ya paneli ili kuficha hitilafu, na waya ukikatika hamtajua kamwe. Irudisheni mwisho wa waya.

Betri nazo: mara nyingi ni mbili za volti 12, zimeunganishwa kupata 24. Badilisha zote mbili pamoja kila miaka 4, mapema zaidi kama chumba cha paneli kina joto. Volti pekee zinadanganya, kwa hiyo kata umeme, liza ving'ora, uone kama zinastahimili.

Jikoni weka ditekta ya joto. Na mafundi rangi wakiondoka, kagua dari nzima: zile kofia za plastiki za kuzuia vumbi husahaulika juu.