Nyundo ya piano imekatika, nitie gundi gani?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa kwaya huku Moshi. Kanisani kwetu tuna piano ya zamani, ile ya kusimama, sasa Jumapili katikati ya wimbo noti moja ikanyamaza, nikafungua juu nikakuta nyundo imelala, kile kijiti chake kimekatika. Seremala wetu anasema nibandike na Araldite, ile gundi ya kuchanganya ya mirija miwili, nimalize kazi, kijana mwingine anasema supagluu. Ipi ni kali zaidi maana sitaki ikatike tena, na je naweza kufanya mwenyewe?

JIBU: Marahaba mwalimu, na pole. Kufanya mwenyewe unaweza kabisa. Ila hilo la gundi kali zaidi liweke pembeni kwanza, maana hata gundi ya kawaida ya mbao, ile nyeupe au ya njano ya hadwea, ikipakwa vizuri kwenye mbao safi na ikaachwa ikauke, ukija kuivunja baadaye mara nyingi mbao ndo inavunjika pembeni, gundi imeshika. Nguvu ipo ya kutosha. Cha kuangalia ni hivo vipande vinakutana vipi.

Sogea na hiyo nyundo kwenye mwanga uangalie palipokatika. Kijiti ni cha mti mgumu, unene kama milimita 5 na nusu hivi, na nyuzi za mbao zinakwenda kwa urefu wake. Kama kimechanika mshazari, mchaniko mrefu wa sentimita 3 au zaidi, umebahatika sana, vitaingiana vyenyewe mpaka mstari usiuone. Tafadhali usipige msasa hapo na usikate vile vinyuzi vilivyochomoza, hivo ndo vinakuonyesha kila upande unakaa wapi.

Kuitoa: kuna kamkanda kadogo ka kitambaa mbele ya nyundo kameningʼinia kwenye waya, kachomoe taratibu maana kwenye piano za zamani kanakatika kirahisi, alafu fungua skrubu moja ya nyuma na bisbisi ndefu, kipande chote kinatoka. Paka gundi kidogo kwa kijiti cha meno pande zote mbili, kandamiza, zungushia uzi wa pamba ukiubana kutoka mwanzo wa mchaniko hadi mwisho, gundi iliyotoka futa na kitambaa chenye maji kidogo. Kabla haijashika angalia kichwa cha nyundo kinatazama mbele sawasawa na hakijapinda, kwa sababu ikikauka imepinda itagonga nyuzi za noti ya jirani na hapo utaanza upya. Iache mpaka kesho yake ndo uipige, hata kama kwaya inakusubiri.

Kama kimekatika kifupi, pwa, kama biskuti, hapo gundi peke yake usiitegemee hata iwe ya bei gani, maana panapogusana ni padogo na nyundo inapokea mshtuko kila ukigusa noti. Dawa yake ni kijiti kipya, fundi anatoboa mabaki ya kile cha zamani kwenye kichwa na kwenye kitako, yaani kile kipande cha mbao cha chini kinachoshika kijiti, anaweka kingine kwa pembe ileile. Ya kusukumia siku ni kuvalisha kibomba chembamba cha shaba kinachobana pande zote za mvunjiko, na hapa ndo Araldite ina kazi yake kwa sababu inajaza nafasi, ila nyundo itakuwa nzito kidogo na mpigaji mzuri ataisikia.

Supagluu kwenye nyundo mimi siipendi. Inakauka haraka kabla hujanyoosha kichwa, ikikauka haipendi kugongwagongwa, na ni nyepesi, inatembea. Pale chini nyundo inapozungukia kuna kipini chembamba, unene wake milimita 1 na kitu, kinazunguka ndani ya kitambaa. Tone moja likifika hapo noti imekufa, na sasa utakuwa na ubovu wa pili ambao hukuwa nao. Na kile kipande cha mbao kinachoshika hicho kipini kikivunjika masikio usikigundishe, tundu likihama hata kidogo nyundo inakwenda upande. Nunua kingine, peleka cha zamani kama sampuli.

Na mwalimu, waliotengeneza hizo piano za zamani walitumia gundi ya ngozi ya wanyama, inayeyushwa kwa joto la kama nyuzi 60, na ukiipa joto na unyevu inaachia tena. Ndo maana piano ya miaka 100 bado inafunguka. Araldite ukiijaza kila mahali fundi atakayekuja baada yako hatakuwa na pa kuanzia zaidi ya kukata, mimi nimeshapokea piano za hivo na inauma.

Ukimaliza kaza skrubu za nyundo za jirani pia, zikilegea nyundo zinayumba na kusuguana.

SWALI: Fundi, niko Mombasa, piano yangu haikai kwenye tyuni hata wiki. Nimeambiwa nimwagie supagluu kwenye vile vyuma vya kukazia nyuzi, ni kweli?

JIBU: Kweli, na hapa supagluu inafaa, ile nyepesi kabisa, ya jeli haiingii. Inawekwa matone machache kwenye shina la kila chuma kilicholegea, inanyonywa na mbao inayokishika. Piano ya kusimama lazima ilazwe chali kwanza, la sivyo gundi inatiririka mbele yote, na hapo tafuta watu wa kutosha maana zipo zinazopita kilo 200. Fungua madirisha, mvuke wake unachoma macho. Usichomoe chuma chochote, nyuzi zote kwa pamoja zinavuta kama tani 18. Lakini kama ile mbao yenyewe imepasuka gundi haitasaidia, kwa hiyo kabla hujamwaga chochote mwite fundi tyuna azungushe vyuma kadhaa na spana yake, mkono wake utamwambia.